Maswali ya Wasomaji: Kanisa Linapojenga na Kanisa Linapokandamiza

Toleo lililopita tuliwauliza wasomaji: dini, hasa Ukristo, ni mzigo au ni msaada kwa jamii? Walioandika neno moja tu, "mzigo" au "msaada", tunawashukuru, lakini hatuna la kuwajibu. Tumechagua barua zilizokuja na jambo la kushikika.

SWALI: Ndugu wahariri, salaam. Chuoni tumebishana mpaka tumegawanyika. Mimi nasema Ukristo uliletwa ili Mwafrika ainame atawaliwe. Mwenzangu anasema wamisionari ndio waliopigania watumwa. Tuamueni.
Mwanafunzi, Dar es Salaam

JIBU: Panda boti uende Unguja, Mkunazini, utaona kwamba mwenzako ana hoja. Soko la watumwa lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na kabla mwaka haujaisha wamisionari wa UMCA, shirika la Waanglikana wa Uingereza, wakaweka jiwe la msingi la kanisa kuu juu ya kiwanja kilekile. Askofu Edward Steere aliyesimamia ujenzi ndiye aliyeandika pia sarufi ya Kiswahili na kutafsiri Agano Jipya. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikwishafika Bagamoyo mwaka 1868, wakiwakomboa watumwa kwa fedha taslimu. Mombasa nako kukazaliwa kijiji cha Freretown kwa ajili ya watu waliookolewa majahazini.

Sasa vuka bahari, nawe utakuta hoja yako. Kanisa lilelile la Uingereza, kupitia shirika lake la kueneza Injili, lilimiliki shamba la miwa la Codrington kisiwani Barbados. Watumwa wa shamba hilo walichomwa kifuani kwa chuma cha moto chenye neno "Society", kwa jina la shirika. Sinodi ya kanisa hilo iliomba radhi mwaka 2006. Mwaka 1807, ndio mwaka Bunge la Uingereza lilipopiga marufuku biashara ya watumwa, London ilichapwa Biblia maalumu kwa watumwa wa visiwa vya Karibi, na sehemu kubwa ya kitabu cha Kutoka iliachwa nje. Fikiria hapo. Kama Biblia nzima ingekuwa dawa ya usingizi, wenye mashamba wangeigawa nzima. Walijua kwamba kisa cha Musa kikisomwa kwenye vibanda vya watumwa, kesho yake hakuna atakayekwenda kukata miwa kwa moyo mtulivu.

Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji ndiyo inayofundisha zaidi. Watu walikatwa mikono kwa sababu ya utomvu wa mpira, na dunia ilijua kwa sehemu kubwa kupitia wamisionari. Alice Seeley Harris alipiga picha mwaka 1904 ya baba mmoja, Nsala, akitazama mkono na mguu wa binti yake. William Sheppard, Mmarekani mweusi wa Kipresbiteri, alihesabu mikono 81 ikikaushwa juu ya moto huko Kasai, baadaye akashtakiwa kwa kuichafua kampuni ya mpira na kushinda kesi mwaka 1909. Lakini misheni nyingi zilizopewa ardhi na ulinzi na dola ya Leopold zilinyamaza. Baada ya Leopold, Wabelgiji walimkamata Simon Kimbangu mwaka 1921, mhubiri Mkongo ambaye watu walimfuata kwa maelfu ndani ya miezi michache. Walimhukumu kifo, wakabadili kuwa kifungo cha maisha, naye akafia gerezani Lubumbashi, wakati huo Elisabethville, mwaka 1951. Serikali haimfungi mtu miaka 30 kwa kuhubiri uinamaji.

Tofauti kati ya aliyepiga kelele na aliyenyamaza haikuwa ya Biblia waliyoshika, kwa kuwa ilikuwa moja. Harris na Sheppard hawakuwa wakila kwa Leopold, na nyuma yao walikuwa na jumuiya ng'ambo zilizoweza kumuuliza mfalme maswali. Kwa hiyo badala ya kuuliza Ukristo ni mwema au mbaya, ulizeni hivi kwa kila mahali na kila wakati: kiongozi wa dini anakula kwa nani, na ni nani anaweza kumwambia hapana bila kuumia? Swali hilo tutalirudia katika barua zinazofuata.

Kuna mfano mmoja unaowasumbua hata wasomi. Mwaka 1929 misheni ya Kiskoti huko Kikuyu, Kenya, iliwataka waumini waape kuacha tohara ya wasichana. Kiapo hicho kikaitwa kirore, yaani alama ya dole gumba. Lengo lilikuwa sahihi: ukeketaji huua kwa kutoka damu na kuharibu uzazi, na hatutalainisha maneno hapa. Njia ndiyo iliyoharibu. Asiyeweka dole alipoteza ushirika, mwalimu akapoteza kazi, mtoto akapoteza shule, na watu wakashuku kwamba kiapo kilikusudiwa pia kuwatoa kwenye chama chao cha siasa. Maelfu waliondoka wakaanzisha shule na makanisa yao, na tohara ikageuka bendera ya kupinga ukoloni. Siku hizi Tarime na Serengeti, Tanzania, kuna vituo, vingine vya makanisa, vinavyohifadhi wasichana msimu wa kukeketa ukifika. Vinavyofaulu ni vile vinavyokaa na wazazi na wazee wa mila mwaka mzima na kumrudisha msichana nyumbani kwa makubaliano. Kumficha Desemba na kumrudisha Januari bila mazungumzo ni kuahirisha kisu tu.

SWALI: Mimi ni Muislamu. Naona mnasifu hospitali za misheni. Je, hamwoni kwamba shule na hospitali hizo zilitugawa, wengine wakapanda na wengine wakabaki chini? Na kodi yangu inaingia humo.
Msomaji, Tanga

JIBU: Tunaona, na malalamiko yako yana mizizi ya kweli. Wakati wa ukoloni shule nyingi zilikuwa za misheni. Mzazi Muislamu aliyehofia mwanawe kubatizwa alimweka nyumbani, na uhuru ulipokuja ofisi zilijaa waliosoma misheni. Ndiyo sababu mojawapo ya Serikali ya Mwalimu Nyerere kutaifisha shule hizo kufuatia Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Pengo lilipungua, ila halikuzibika kwa siku moja.

Kuhusu hospitali, utaratibu unaendeshwa hivi. Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi ni hospitali za rufaa za kanda, zilizo chini ya makanisa na zinazofanya kazi kwa ubia na Serikali. Wilayani, pale ambapo Serikali haina hospitali yake, hospitali ya kanisa huteuliwa kuwa ya wilaya: kanisa linabaki na majengo na uongozi, Serikali inalipa mishahara ya watumishi wengi na kuchangia dawa. Hati ya makubaliano ya mwaka 1992 kati ya Serikali na makanisa iliupa nguvu ubia huo, nayo imelalamikiwa na Waislamu wengi tangu wakati huo. Tunadhani haki yako ni kudai mambo mawili: utaratibu uleule uwe wazi kwa taasisi ya Kiislamu yenye hospitali inayokidhi viwango, na hospitali yoyote inayopokea fedha ya umma isimbague mgonjwa wala mwombaji kazi kwa dini.

Tatizo la pili husemwa kwa nadra. Hospitali ya Kikatoliki haifungi kizazi wala haitoi vidonge na sindano za uzazi wa mpango. Kama ndiyo hospitali pekee ya wilaya, mwanamke anayejifungua kwa upasuaji wa nne hawezi kufungwa mirija palepale mezani, itambidi apasuliwe tena kwingine. Akina mama waulize hilo mapema, mimba ikiwa changa, ili kama wanahitaji huduma hiyo wapangiwe kujifungulia kwingine. Na uongozi wa hospitali uwe na uungwana wa kumwambia mgonjwa anapopata huduma hiyo, badala ya kumwacha agundue akiwa wodini.

Lakini tuulize pia upande wa pili: zifungwe leo, nani atamtibu wa Haydom, wa Ndanda, wa Peramiho? Hospitali hizo zilijengwa mahali ambapo mfanyabiashara wa afya hajengi, kwa sababu hakuna faida.

SWALI: Nimechaguliwa mhazini wa kanisa letu dogo, waumini kama 120. Fedha za sadaka huenda nyumbani kwa mchungaji, na zaka hutumwa kwenye simu yake. Si mwizi, ila watu wameanza kunong'ona. Nifanyeje bila kumvunjia heshima?
Mhazini mpya, Kahama

JIBU: Mwambie mchungaji kwamba unamlinda, nawe umaanishe. Mchungaji anayeshika fedha peke yake hana shahidi siku atakaposingiziwa. Mtume Paulo alilijua hilo: katika 2 Wakorintho 8:18-21 anaeleza kwamba mchango wa maskini ulibebwa na Tito pamoja na ndugu wengine, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa, ili mtu asimlaumu. Mpelekee andiko hilo kabla ya kumpelekea daftari.

Kisha weka utaratibu. Wahesabuji wawe watatu, wasiwe ndugu wala wanandoa, na wabadilike kila mwezi. Sadaka isitoke ndani ya kanisa kabla ya kuhesabiwa. Andikeni noti kwa thamani yake, kumi za elfu kumi, tano za elfu tano, sarafu kando, na jumla kwa tarakimu na kwa maneno. Fomu iwe na nakala mbili, wote watatu watie saini kwa kalamu ya wino: moja ibaki kwako, nyingine kwa mzee wa kanisa asiyegusa fedha. Kesho yake fedha yote iende benki kama ilivyo.

Hapo penye "kama ilivyo" ndipo makanisa mengi huteleza. Mgeni amekuja, anapewa nauli kutoka kwenye kapu, gitaa limekatika waya, linanunuliwa kutoka kwenye kapu. Mwisho wa mwezi fomu zinasema 1,240,000, benki inasema 1,090,000, na hakuna anayekumbuka 150,000 zilikwenda wapi. Hakuna aliyeiba, lakini hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba hakuiba. Kwa hiyo matumizi yote yatoke benki, kwa hati ya malipo yenye saini mbili kati ya tatu na risiti iliyobandikwa nyuma. Kwa vitu vidogo tengeni kasha la, tuseme, 50,000, linalojazwa tena pale tu risiti za 50,000 zilizotangulia zikiwa zimekamilika. Kila mwezi mtu mwingine, si wewe, alinganishe fomu na taarifa ya benki.

Zaka za simu zihamie kwenye namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la kanisa. Mchungaji alipwe posho iliyopangwa na kikao na kuandikwa. Atakuwa huru zaidi, maana sasa hata akinunua viatu watu wanahesabu.

Angalia na hati ya kiwanja. Kikiwa kwa jina la mchungaji, siku akifariki kiwanja ni mirathi ya watoto wake, na jengo mlilochangia linaweza kuuzwa. Tanzania, mali ya kanisa huwekwa chini ya wadhamini waliosajiliwa RITA, wakala wa Serikali wa usajili na udhamini, kwa sheria ya wadhamini, Sura ya 318. Kama ninyi ni tawi la kanisa kubwa, wadhamini wapo tayari makao makuu, ulizeni kiwanja chenu kama kimo kwenye orodha yao.

Neno moja kuhusu zaka yenyewe, kwa kuwa barua nyingi zimeigusa. Kusoma majina ya waliotoa na wasiotoa mbele ya kanisa ni kumkamua mjane hadharani. Kumbukumbu la Torati 14:28-29 inasema zaka ya mwaka wa tatu ni ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Wapo wanaoishika nusu ya kwanza ya agizo, ile ya kutoa, na kuiacha nusu ya yatima. Ripoti yako ya kila robo mwaka iwe na mstari mmoja unaosomeka na kila mtu: katika kila shilingi 100 tulizopokea, ngapi zimemfikia mhitaji? Mstari huo utafanya kazi kuliko mahubiri.

SWALI: Dadangu anatumia ARV miaka sita. Mwezi jana hospitali ilimwambia virusi havionekani. Mchungaji wake akamsimamisha mbele, akatangaza amepona, na tangu siku hiyo hajameza dawa. Ni wiki tatu sasa. Akija nyumbani anatuonyesha karatasi ya hospitali. Tumwambie nini?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Mrudisheni kliniki wiki hii, msingoje. Karatasi yake ni ya kweli, tafsiri ndiyo iliyopotoka. "Havionekani" maana yake ni kwamba virusi katika damu vimeshuka chini ya kiwango ambacho mashine inaweza kuhesabu. Dawa ndiyo imevishusha. Vingine vimejificha ndani ya chembe za kinga, ambako dawa haivifikii, na dawa ikikatwa hutoka na kuzaliana tena, kwa watu wengi ndani ya wiki mbili hadi nne. Atajisikia mzima, pengine kwa miezi, na hapo ndipo mtego ulipo: afya yake itaonekana kama ushuhuda wakati kinga inaliwa. Akiwa na mume, kinga ya kutomwambukiza aliyokuwa nayo imeondoka pia. Akiwa mjamzito au ananyonyesha, hatari ni ya mtoto.

Asianze tena na vidonge vya kuazima au masalia ya kabatini. Aende kliniki yake, aseme wazi wiki alizoacha, wahudumu wataamua kama anaendelea na dawa zilezile. Baada ya kurudia, kipimo cha wingi wa virusi hurudiwa, kwa kawaida baada ya miezi mitatu hivi. Msimtukane wala msimdhihaki mchungaji wake mbele yake, maana atachagua upande, na si wenu. Mwambieni kama alivyo: Mungu unayemshukuru, mshukuru pia kwa kidonge.

Hatari ya kuacha dawa haifanani kwa kila ugonjwa, na mchungaji anayeombea wagonjwa anapaswa kuijua. Mtoto mwenye kisukari cha kutegemea insulini akinyimwa sindano anaweza kufa ndani ya siku chache. Mwenye kifafa akiacha ghafla anaweza kushikwa na degedege lisilokatika. Mwenye kifua kikuu hujisikia amepona mwezi wa pili wa tiba ya miezi sita. Akiacha hapo, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu, na ataigawa sugu hiyo kwa wanaokaa naye ibadani. Presha haina maumivu kabisa mpaka siku ya kiharusi.

Kipimo chepesi cha huduma ya maombezi ni hiki: mwombe mchungaji atamke mimbarani, "Tunaomba, nanyi endeleeni na dawa, daktari ndiye atakayesema mwache." Wapo wengi wanaosema hivyo, na kanisa la namna hiyo ni hazina kwa mgonjwa: linamtembelea, linamlipia nauli ya kliniki, linamkumbusha saa ya dawa. Anayekataa kulitamka, toka kwake.

Ukanda wetu umekwishalipa gharama ya kutouliza. Samunge, Loliondo, mwaka 2011, watu walijipanga kwa kilomita kadhaa kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu, shilingi 500, na wapo waliotolewa vitandani hospitali kupelekwa huko. Moshi, Februari 1, 2020, watu 20 walifariki kwa kukanyagana wakikimbilia mafuta ya upako. Kanungu, Uganda, Machi 2000, mamia waliteketea ndani ya jengo la ibada. Na Shakahola, kaunti ya Kilifi, kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wengi wakiwa wameambiwa wafunge mpaka wafe.

Kanungu na Shakahola hazikuanza siku ya mauti. Waumini waliuza mali. Watoto walitolewa shule na kliniki. Watu walihamishwa kwenda mahali mbali na ndugu, wakatenganishwa na jamaa zao, na mwisho wa dunia ukasemwa kuwa umekaribia. Huko Kanungu tarehe ilipopita bila kutokea kitu, waliouza mali walianza kudai. Ukiona mawili ya mambo haya katika kundi la jamaa yako, usingoje la tatu. Mtoto akinyimwa chakula, shule au matibabu kwa sababu ya imani, piga 116, namba ya bure ya kumlinda mtoto, Kenya na Tanzania.

SWALI: Mume wangu ananipiga. Nimekwenda kwa mchungaji mara tatu. Ametuita pamoja, ametuombea, ameniambia mke mwema hujenga nyumba kwa uvumilivu. Tukirudi nyumbani kipigo kinazidi. Nimefunga ndoa kanisani, nitafanya nini?
Mama wa watoto watatu, Morogoro

JIBU: Dada, pole sana. Kipigo kinazidi kwa sababu umetakiwa uyaseme mbele yake, kisha mkarudi nyumba moja. Viongozi wa dini wanaosoma ukurasa huu tunawasihi: penye kipigo, msiwaite mke na mume kikao kimoja. Msikilizeni mke peke yake, mahali pa faragha, na msimwambie mume alichosema.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Kanisa halina ruhusa ya kuifuta. Wala Biblia haimlazimishi kukaa: Paulo, katika 1 Wakorintho 7:11, anamtambua mke aliyeachana na mumewe na kumwelekeza la kufanya. Kama wewe ni Mkatoliki, sheria ya Kanisa, kanuni ya 1153, inamruhusu mwanandoa kuondoka pale mwenzake anapohatarisha mwili au roho yake au ya watoto, na kama kuchelewa ni hatari anaweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Mchungaji anayekutajia Waefeso 5:22 mwombe aendelee mpaka mstari wa 28, "kama miili yao wenyewe".

Ukiumizwa, nenda ukatibiwe, na upate fomu ya PF3 polisi ili daktari aandike majeraha. Uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Kama umelazimishwa tendo la ndoa na unahofu ya VVU, dawa za kuzuia maambukizi zianze ndani ya saa 72. Weka kwa jirani au ndugu unayemwamini mfuko wenye kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, cheti cha ndoa au picha yake, na nauli. Andika tarehe za vipigo. Ukitaka talaka, kwa kawaida lazima kwanza upitie Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, nalo si lazima liwe la kanisa, la kata linatosha.

Akikukaba shingo, akishika panga, au akisema atakuua, usingoje mfuko. Ondoka na watoto saa hiyohiyo. Kukabwa shingo ni dalili mbaya kuliko kofi kumi.

SWALI: Rwanda ilikuwa nchi ya Wakristo tupu. Iliwezekanaje watu wauawe makanisani?
Msomaji, Bukavu

JIBU: Katika machafuko ya miaka ya nyuma, waliokimbilia kanisani walinusurika, ndiyo maana mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari ya Watutsi, watu walikimbilia makanisa ya Ntarama, Nyamata na Nyarubuye. Safari hii wauaji waliwafuata ndani. Huko Nyange paroko, Athanase Seromba, alihukumiwa na mahakama ya kimataifa ya Arusha kwa kushiriki kuliangusha kanisa kwa tingatinga juu ya watu waliokuwamo, na rufaa ya mwaka 2008 ikampa kifungo cha maisha.

Rudini kwenye swali la nani anakula kwa nani. Shule za misheni zilianza kwa kuwapendelea Watutsi, baadaye viongozi wa kanisa wakageukia Wahutu, daima wakiwa karibu na mwenye madaraka. Askofu Mkuu wa Kigali, Vincent Nsengiyumva, aliketi kwa miaka mingi katika kamati kuu ya chama tawala. Kanisa lililokaa kiti kimoja na dola halikuwa na sauti ya kuikatalia. Mtu mmoja mmoja aliikatalia. Félicité Niyitegeka wa Gisenyi, mhudumu wa Kikatoliki, aliwavusha watu mpaka Kongo, na kaka yake, afisa wa jeshi, alipotaka kumwokoa alikataa kuwaacha waliokuwa naye, akauawa pamoja nao. Papa Fransisko aliomba msamaha kwa makosa ya Kanisa Machi 2017.

Wapo maaskofu waliosema hapana kwa pamoja. Wakatoliki wa Malawi walisoma waraka wao makanisani Machi 1992, nchi ikiwa ya chama kimoja, na Mei 1994 Rais Banda aling'oka kwa kura. Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Waanglikana wa Uganda, pamoja na maaskofu wenzake waliikatalia serikali ya Amin Februari 1977, naye akauawa.

SWALI: Baba amefariki juzi. Kanisa limesema halitamzika kwa kuwa hana kadi ya zaka ya miaka miwili, labda tulipe deni kwanza. Alikuwa mgonjwa muda huo wote. Mazishi ni Jumamosi.
Mtoto wa marehemu, Bukoba

JIBU: Pole kwa msiba. Tumekutumia jibu kwa simu, na tunalichapa hapa kwa sababu nyumba nyingi zinakutana na jambo hili.

Msilipe deni. Ukilipa, familia inayofuata itadaiwa zaidi. Kibali cha mazishi hakitoki kanisani, hutolewa na hospitali alikofia au ofisi ya serikali ya kijiji au mtaa kama amefia nyumbani, kwa hiyo maziko hayawezi kuzuiwa na kadi. Wazee wawili wa ukoo, pamoja na mtu anayeheshimiwa na kanisa, wamwendee kiongozi leo, wamweleze kwamba marehemu alikuwa mgonjwa, na waombe jibu lililoandikwa na kutiwa saini. Wengi hulegea hapo, maana hakuna anayetaka kuonekana ameandika kwamba amemnyima maiti sala kwa fedha. Wasipolegea, nendeni ngazi ya juu: mkuu wa jimbo, dekano, ofisi ya askofu. Kwa Wakatoliki, kanuni ya 1181 inaagiza maskini wasinyimwe maziko yanayostahili, na orodha ya wanaonyimwa, kanuni ya 1184, haitaji deni la michango.

Wakati huohuo tafuteni mtu wa kuongoza sala: mchungaji wa kanisa jirani, katekista mstaafu, au mzee wa ukoo mwenye Biblia na kitabu cha nyimbo. Chagueni nyimbo tatu baba alizozipenda, na masomo mawili. Kaburi lichimbwe Ijumaa jioni. Kama jibu la kanisa litafika Jumamosi asubuhi na kusema ndiyo, wapokeeni, wasali, na msiwape bahasha siku hiyo.